Shajara ya mradi: nyufa za msingi kwenye udongo wa mbuga, Shinyanga

Nyumba ni ya familia, vyumba vitatu, mita 12 kwa 10, pembezoni mwa mji wa Shinyanga upande wa bondeni, kuelekea majaruba ya mpunga. Ilihamiwa 2016. Msingi ni wa kawaida: mtaro wa sentimita 70, zege la sentimita 15 lisilo na nondo, tofali za kulaza, jamvi (sakafu ya zege) juu yake, kuta za bloku za inchi sita, na mkanda mmoja wa zege kwenye lenta, yaani juu ya milango na madirisha. Shajara hii inamfaa mwenye nyumba ya aina hiyo kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Aliyejenga juu ya kichanga au mwamba asiige, atapoteza fedha. Bei ni za hapa Shinyanga, za 2024 na 2025, kwa shilingi.

17 Agosti 2024: hali ilivyo

Ufa mkubwa uko kona ya kaskazini-mashariki, chumba cha watoto. Unaanzia chini ya mkanda, unapita kona ya dirisha, kisha unashuka kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali hadi kwenye jamvi. Juu kalamu ya risasi inaingia bila kusukumwa. Chini ni unywele. Ufa wa pili uko kusini-magharibi, ukuta wa bafuni. Huo ni mwembamba zaidi na umekaa kinyume, chini umepanuka kuliko juu. Wa tatu unatenganisha nyumba na jiko lililoongezwa 2018, mstari ulionyooka toka chini hadi kwenye bati. Na jamvi la sebule limetuna katikati, ukiweka gololi inaondoka yenyewe.

Mlango wa chumba cha watoto ndiyo ulikuwa kalenda yetu. Mvua zikishika, unabana. Ikifika Julai unalegea hadi ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake. Baada ya zile mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ulibana mpaka tukaupunguza kwa randa, na kiangazi hiki umebaki na mwanya unaopitisha mjusi.

Nyufa hizi zimeshazibwa mara kadhaa na mafundi tofauti. Sementi na niru ilidumu msimu mmoja. Kisha lipu ilibanduliwa, ukapigwa waya wa kuku na lipu mpya juu yake: ufa ukatokea pembeni ya waya, kwenye tofali ambalo mwanzo lilikuwa zima. Fundi wa mwisho alitaka milioni 11 kubomoa kona nzima na kuijenga upya kwa nondo nene. Kilichonizuia kumpa kazi ni nyumba ya baba mdogo. Iko juu kilimani kwenye luseni (udongo wa kichanga), imejengwa na fundi yuleyule aliyejenga yetu, kwa ramani ileile na nondo zilezile, mwaka mmoja kabla ya yetu, na haina ufa hata wa kuhesabia. Kona mpya juu ya udongo uleule ingepasuka vilevile, ila kwa bei kubwa zaidi.

31 Agosti: kupima

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua nyufa zinatembea kiasi gani na kuelekea wapi. Watu wengi hubandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa sementi. Kioo kikivunjika unajua ufa umetembea, basi. Hujui kiasi, wala kama umefunguka au umefunga. Nimeacha kioo nikatumia skrubu: mbili upande mmoja wa ufa, moja upande wa pili, zimekaa pembetatu, zimefungwa kwenye tofali lenyewe baada ya kubandua lipu. Napima umbali kati ya vichwa kwa vernia, kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita. Skrubu ya tatu inaonyesha kama ukuta umeshuka, maana ufa unaweza kubaki na upana uleule huku upande mmoja unazama. Vernia shilingi 35,000, ya chuma. Za plastiki zinapinda.

Usomaji wa leo, sehemu pana ya kila ufa: kona ya watoto milimita 11.2, bafuni 6.0, jiko 4.5. Kwenye mizani ya taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE, ufa wa milimita 5 hadi 15 ni daraja la tatu kati ya sifuri na tano: milango inakwama, mabomba yanaweza kukatika, na sehemu za ukuta zinaweza kuhitaji kujengwa upya. Rangi na niru ni za daraja la kwanza na la pili.

Kwa usawa wa sakafu nimetumia mpira wa maji (mpira unaoonyesha maji ndani, ambayo hukaa kimo kimoja kwenye ncha zote mbili), mita 20, shilingi 18,000. Angalieni hapa: majibu ya asubuhi na ya jioni yalipishana kwa zaidi ya sentimita moja, na nyumba haikuwa imehama. Kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye mkunjo wa mpira nyuma ya kochi. Jazeni mpira kwa kunyonya maji toka kwenye ndoo iliyoinuliwa, uacheni ukiwa umenyooka, mgongegonge mpaka viputo vyote vitoke. Halafu, kabla ya kila kipimo, wekeni ncha mbili pamoja mhakikishe maji yamekaa sawa.

Matokeo: katikati ya sebule ni juu kuliko kona ya watoto kwa milimita 41, na kona ya bafuni ni juu kuliko kona ya watoto kwa 53. Kona moja imezama na ya pili imeinuliwa. Nyumba inasokotwa.

14 Septemba: udongo

Vibarua wamechimba shimo la kuangalia mita mbili toka ukutani, shilingi 30,000. Tabaka ni hizi. Mpaka mita 1.1, mfinyanzi mweusi wenye nyufa unazoweza kutumbukiza mkono. Toka hapo hadi 1.7 rangi inakuwa ya kijivu, yenye vipande vyeupe vya chokaa vya ukubwa wa karanga. Chini ya 1.7 sururu inaanza kudunda, ni changarawe ya mwamba uliooza.

Nilishuka na tochi. Kwenye kuta za shimo, kati ya sentimita 60 na mita moja, udongo umekatika kwa mshazari katika mabapa, na nyuso zake zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya alizeti. Ukipitisha kidole unahisi michirizi myembamba yote ikielekea upande mmoja. Ndipo udongo unapojisugua wenyewe mwaka baada ya mwaka ukivimba na kusinyaa. Zege la msingi wetu limekalia sentimita 70, katikati ya eneo hilohilo.

Jaribio la kuvimba ni rahisi, mtu yeyote anaweza kulifanya. Kausha udongo, uponde, uchekeche uwe unga laini. Pima mililita 10, mimina taratibu kwenye silinda ya maabara yenye maji mililita 100 (niliazima shuleni), acha saa 24, soma kimo cha udongo uliotulia. Wetu ulitoka 10 ukafika 21, yaani umevimba kwa asilimia 110. Ukivuka asilimia 100 udongo huo unaweza kuvunja nyumba nyepesi. Chini ya 50 ni nadra usumbue. Luseni ya kwa baba mdogo ilifika 11.

Chanzo ni madini yanayoitwa montimorilonaiti. Yana tabaka nyembamba mno, na maji huingia katikati ya tabaka hizo na kuzitenganisha, yakitoka zinarudi. Nyumba isiyo na ghorofa ni nyepesi mno kuzizuia. Ndiyo maana kuongeza nondo ukutani pekee hakutoshi: udongo unaoinuka upande mmoja na kushuka mwingine utapasua ukuta wowote wa kawaida uliokaa juu yake. Na kama ungepanda na kushuka kwa usawa, nyumba nzima ingepanda na kushuka bila ufa. Swali likawa, kwa nini kona moja ni kavu na nyingine imelowa?

Mhandisi wa majengo alikuja kuona shimo na vipimo, 250,000 pamoja na mchoro wa mkono. Ningekata kwingine kote kabla ya kukata hapo.

28 Septemba: maji

Upande wa bafuni jibu lilipatikana haraka. Tuliziba mdomo wa bomba la maji machafu kwenye karo kwa mpira uliojazwa upepo, tukajaza maji hadi usawa wa sakafu, tukaweka alama. Baada ya nusu saa yalikuwa yameshuka kiganja kizima. Tulipofukua, kiungio cha kwanza nje ya ukuta kilikuwa kimechomoka, na udongo kuzunguka ulikuwa tope Septemba hii ambayo mbuga yote imepasuka. Bomba lililazwa juu ya mfinyanzi likiwa limebanwa ukutani kwa zege. Udongo ulipoinuka, bomba lilipinda pale liliposhikwa. Bomba likavuja, udongo ukavimba zaidi.

Bomba jipya la inchi 4 limepitishwa ukutani kwenye tundu pana lenye nafasi ya sentimita tano pande zote, nafasi imejazwa sponji. Vifaa na fundi 140,000. Migomba miwili iliyokuwa inanyweshwa maji ya kuogea pembeni ya ukuta imehamishiwa bondeni.

Upande wa watoto kuna mwarobaini, mita tatu toka kona, mrefu kuliko paa. Kwenye shimo la kuangalia mizizi yake tuliikuta mita moja na nusu chini, minene kama kidole. Mti wa kimo hicho haufai kuwa karibu na nyumba kuliko urefu wake wenyewe, hasa kwenye udongo huu, maana kiangazi unanyonya maji chini ya msingi. Ni mti wa mama, aliupanda 2017.

"Mwanangu, huo mti umewaponya malaria ninyi wote," aliniambia.

"Mama, tuliupanda wewe ukiwa na wajukuu tayari. Sisi ulitutibu kwa ule wa kwa bibi."

Alicheka, lakini hakukubali siku hiyo. Alikubali baada ya kuona miche yake imeota upande wa pili wa kiwanja.

Mwaka wa kupandwa mti ni jambo zito kwenye uamuzi. Mti uliotangulia nyumba umeshakausha udongo kabla msingi haujachimbwa. Ukiukata, udongo unarudisha maji na kuvimba juu ya kiwango ulichojengwa nacho, na unaweza kuvunja nyumba zaidi ya mti wenyewe. Hapo ni bora kuupunguza matawi kila mwaka. Uliopandwa baada ya nyumba unakatwa tu, udongo utarudi ulipokuwa. Wetu ni wa 2017, nyumba ya 2016. Umekatwa, 80,000 pamoja na kung'oa kisiki.

26 Oktoba: zege chini ya kona

Kona ya watoto imezama mno kuachiwa udongo urudi wenyewe, kwa hiyo mhandisi alichora kuichimbia chini hadi kwenye changarawe, mita 1.8, na kumwaga zege jipya chini ya zege la zamani. Mita tatu kila upande wa kona. Kazi hii ifanyike kiangazi. Mvua ikiwakuta mashimo yakiwa wazi, mmeharibu kuliko mlivyokuta.

Ukuta umegawanywa vipande sita vya mita moja na kuandikwa kwa chaki: 1, 2, 3, 1, 2, 3. Zinachimbwa namba moja zote mbili, zinamwagwa zege, zinasubiriwa, ndipo namba mbili. Vipande viwili vinavyopakana havikai wazi kwa pamoja hata kwa saa moja, na hapo fundi akisema "tumalize tu leo", mkatazeni. Zege ni moja kwa mbili kwa nne. Vipande vya mwisho kila upande tumeviacha vifupi kwa sentimita 30, ili msingi usitoke kwenye kina kikubwa kwenda kwenye kifupi kwa ghafla.

Yaliyokwenda vibaya ni mawili. Kipande cha pili cha namba 1, ukuta wa shimo ulimeguka kwa yale mabapa yanayong'aa, bonge la uzito wa mtu likadondoka pale alipokuwa ameinama kibarua dakika chache kabla. Walikuwa kwenye chakula. Udongo mkavu wa mbuga unasimama wima vizuri mpaka unakudanganya. Toka hapo kila shimo limewekewa mbao pande mbili na magogo ya kutanua katikati (90,000), na hakuna anayeshuka bila mwenzake juu.

La pili ni ile nafasi kati ya zege jipya na la zamani. Inaachwa sentimita saba na nusu makusudi, kwa sababu zege likikauka linasinyaa na halitabeba kitu. Nafasi inajazwa baada ya zege kukomaa. Kijana wa fundi alikoroga mchanga na sementi laini, wa kumiminika, akaujaza vizuri kwa macho. Siku chache baadaye jani la msumeno wa chuma lilipita juu yake toka mwanzo hadi mwisho: ukuta ulikuwa haujakalia kitu. Tuliutoa wote kwa tindo. Mchanganyiko sahihi ni sementi moja kwa mchanga tatu, na maji kidogo kiasi kwamba ukiufumbata unashikana lakini kiganja hakilowi. Unasukumwa ndani kidogo kidogo na kugongwa kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka mlio ubadilike, toka wa kufifia uwe mkavu. Msumeno haupiti tena popote.

Sementi mifuko 27 kwa 21,000 ni 567,000, kokoto 280,000, mchanga 120,000, ufundi na vibarua 720,000, na zile mbao. Jumla 1,777,000.

9 Novemba: gata

Gata mbele na nyuma, maji yanakwenda kwenye simtanki, na yanayofurika yanapelekwa kwa bomba mita nane toka ukutani. 640,000. Hakuna la kusimulia.

18 Januari 2025: sakafu ya nje imeinuka

Mpango wa kuishikilia nyumba iliyobaki ni sakafu ya nje ya mita moja na nusu kuizunguka yote, ili mvua isilowanishe ukingo wa msingi na jua lisiukaushe. Upande wa mbele ulimwagwa Novemba, kwa haraka, mvua zikiwa zimeshapiga hodi. Moramu, udongo wa changarawe wa kushindilia chini ya zege, ilichelewa. Fundi akachimba sentimita 20, akajaza mchanga, akashindilia, akamwaga zege na kuliunganisha na ukuta.

Sasa ukingo wa nje umepanda kwa sentimita tatu. Maji ya mvua yanateremka kuelekea ukutani, na zege limekatika kwa urefu sambamba na nyumba. Tulipovunja kipande, mchanga chini ulikuwa umejaa maji hadi juu. Mtaro wa mchanga ndani ya mfinyanzi ni karai: maji yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaa yakiulowanisha msingi polepole. Kitu kinachopitisha maji hakiwekwi pale. Na sakafu ya nje haifungwi kwenye ukuta, kwani vitu hivyo viwili lazima vitembee kila kimoja kivyake. Hasara ya upande huo, kujenga na kuvunja, 410,000. Nyuma na pembeni tumesimamisha mpaka kiangazi.

Kwa kusubiri tumejaribu chokaa. Chokaa iliyozimwa ikichanganywa na mfinyanzi wa aina hii, asilimia tano kwa uzito, inapunguza kuvimba. Mchanganyiko wa kwanza ulishindikana kwa sababu ya mabonge: nje yalikuwa meupe, ukiyapasua ndani ni meusi yaleyale. Udongo unatakiwa upondwe ukiwa mkavu, uchanganywe, ulowanishwe, ufunikwe nailoni usiku mmoja au miwili, kisha upondwe tena na kushindiliwa. Uliofanyiwa hivyo ulipoingia kwenye silinda ulifika 13 badala ya 21. Inafanya kazi. Lakini kuponda udongo wa kuzunguka nyumba nzima kwa mkono hakuna kibarua atakayekubali kwa bei ninayoiweza, kwa hiyo mifuko minane (72,000) imeishia kwenye mtaro wa bomba la bafuni. Vaeni glovu na miwani, chokaa inachoma.

26 Aprili: vipimo baada ya mvua

Kona ya watoto 11.6. Oktoba ilikuwa 12.0 kabla ya zege. Miaka ya nyuma ufa huu ulikuwa ukijifunga mvua zikishika hadi karatasi tu ipite, sasa umebadilika kwa chini ya nusu milimita, na mlango haukubana. Bafuni umetoka 6.0 hadi 4.3 bila kuguswa na mwiko wa fundi. Udongo uliokuwa umelowa kwa bomba unarudi chini taratibu. Jiko bado linacheza, milimita mbili.

Watu wananiuliza kwa nini sizizibi nyufa maana zinatisha wageni. Ufa ukizibwa kwa sementi ngumu wakati umefunguka, ukuta ukitaka kurudi unakuta kabari. Unasukuma, na tofali la jirani ndilo linalokatika. Lile waya la kuku lilituonyesha.

12 Julai: sakafu ya nje, safari hii kwa moramu

Upande mmoja kwa wakati. Mfinyanzi umetolewa sentimita 45, moramu imewekwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka imelowanishwa kidogo na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Fundi alitaka tabaka mbili nene badala ya tatu. Alipopiga mtarimbo kwenye ile aliyoijaribu, ulizama hadi nusu, akarudi kwenye tatu bila maneno. Juu ya moramu ni nailoni nyeusi ya geji 1000, imepandishwa kidogo ukutani, na ukingo wa nje umeteremshwa wima sentimita 40 kwenye udongo ili unyevu usipite kwa ubavu. Kisha zege la sentimita saba na nusu, limekatwa maungio kila mita mbili, limeachana na ukuta kwa sentimita mbili zilizojazwa lami, na linateremka sentimita nane toka ukutani hadi ukingoni. Mteremko pimeni kwa mpira wa maji, jicho la fundi halitoshi.

Sementi mifuko 36, 756,000, moramu tripu sita za lori kubwa, 780,000, kuchimba na kutoa udongo 400,000, nailoni 175,000, kokoto 560,000, mchanga 120,000, ufundi 500,000. Ni 3,291,000, ukiacha ile hasara ya Januari. Hii ndiyo hatua ghali kuliko zote na ndiyo ambayo wengi huiruka kwa sababu inaonekana ni urembo. Kama ningekuwa na fedha za hatua moja tu baada ya kurekebisha bomba, ningeichagua hii.

27 Septemba: kushona

Kona ya watoto 11.9, bafuni 3.9. Mwaka mzima, mvua na kiangazi, kona imetembea kwa nusu milimita kasoro. Mhandisi ameona vipimo na kuruhusu nyufa zishonwe kwa nondo.

Kila kozi (safu ya tofali) ya pili, grinda inakata mfereji wa kina cha sentimita nne ukivuka ufa, nusu mita kila upande. Inaingia nondo ya milimita 8 ndani ya mchanganyiko mzito wa sementi. Ufa wenyewe umesafishwa kwa jani la msumeno, ukapulizwa, ukalowanishwa, ukajazwa toka chini kwenda juu. Nondo za kwanza zilitoka kwa kuvutwa na mkono siku iliyofuata, pamoja na sementi yake yote, ukanda mzima. Nyuma yake kulikuwa na vumbi la grinda lililokuwa bado limeshika ukutani. Mfereji unapigwa brashi ya waya, unaoshwa kwa maji mpaka yatoke safi, unapakwa uji wa sementi, na mchanganyiko unawekwa uji ukiwa haujakauka. Zilizofuata zimeshika.

Nondo 60,000, sementi 63,000, diski 30,000, fundi 160,000: 313,000.

Ufa wa jiko hatujaushona na hatutaushona. Jiko lina msingi wake mfupi, na kulifunga kwenye nyumba ni kuupa ufa sababu ya kutokea mahali pengine. Umekatwa unyooke kwa upana wa sentimita mbili toka chini hadi juu, umejazwa ukanda wa sponji na silikoni juu yake, kisha ukafunikwa kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu ili upande wa pili uteleze.

22 Novemba: lipu

Lipu na rangi, pamoja na kazi ya ufa wa jiko, 420,000. Skrubu za kupimia zimeachwa zikichungulia nje ya lipu na zimepakwa rangi nyekundu. Mama amezitundikia kalenda ili zisionekane, sawa, mradi kalenda inatoka.

Jumla toka mwanzo, pamoja na mhandisi, vifaa vya kupimia na yaliyovunjwa: 7,476,000. Zaidi kidogo ya milioni moja ya hizo ingebaki mfukoni kama moramu isingechelewa Novemba ile na kama gata zingekuwepo toka 2016.

Jamvi la sebule bado limetuna. Limeshuka milimita sita toka mwaka jana, nadhani kwa kuwa unyevu chini ya nyumba unaanza kulingana, na mhandisi anasema lisivunjwe kabla ya misimu miwili zaidi kupita. Kipimo kinachofuata ni mwisho wa Aprili.